Sensa ya ekseleta ya kebo kutoka gari la mtumba kwenye gari linalogeuzwa kuwa la umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo mafundi na wenye magari huyarudia kila wanapong'oa injini na kuweka mota ya umeme, kisha wakajikuta na pedeli ya zamani yenye kebo lakini bila kitu cha kuvuta. Mfano unaotumika zaidi hapa ni sensa iliyo kwenye throtobodi (mlango wa kuingizia hewa) ya injini ya Toyota 2JZ-GE ya VVT-i, kwa sababu inapatikana na ina njia mbili za ishara. Kanuni zake zinafaa pia kwa sensa nyingine za aina hiyo. Katika maelezo yote, "kebo" ni ile ya chuma inayovutwa na pedeli, na "waya" ni ule wa umeme.

## Mambo ya msingi

1. Sensa ya ekseleta ya kebo ni kitu gani hasa?

Ni kisanduku kidogo chenye mkono unaozunguka, na mkono huo huvutwa na kebo inayotoka kwenye pedeli. Ndani yake mna mkanda wa kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu ya mkanda huo, muundo ule ule wa kitufe cha sauti cha redio ya zamani. Ncha moja ya mkanda hupewa volti 5, ncha ya pili huunganishwa na ethi, na kidole hutoa volti inayopanda kadiri pedeli inavyokanyagwa. Kidhibiti cha mota husoma volti hiyo na kuamua nguvu ya kutoa.

Sensa hizi ni za kipindi cha mpito, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale watengenezaji walipoanza kufungua throto kwa mota ndogo ya umeme lakini bado wakabakiza pedeli na kebo. Toyota waliuita mfumo wao ETCS-i. Baadhi ya Honda za miaka ya 2000 nazo zina sensa ya namna hii, ila yake imefungwa peke yake chini ya boneti, mbali na throtobodi.

2. Kwa nini nisitumie pedeli ya kisasa yenye sensa ndani yake?

Ikiwa sakafu ya gari lako inaipokea vizuri bila kukata wala kuchomelea, tumia pedeli hiyo. Ina sehemu chache za kukwama, na pedeli nyingi za aina hiyo zina sensa ya sumaku, isiyo na mkanda wa kulika.

Sensa ya kebo ina nafasi yake pale ambapo pedeli ya asili inapaswa kubaki: Volkswagen Beetle ambayo pedeli yake imesimama kutoka sakafuni, Land Rover ya zamani, au Land Cruiser za kutembeza watalii ambazo karakana kadhaa za Afrika Mashariki zimezigeuza, ikiwemo Opibus ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022. Dereva anabaki na pedeli aliyoizoea mguu wake, nawe unafunga sensa popote kebo inapofika.

3. Ninapoinunua kwa muuza spea, niangalie nini?

Nunua throtobodi nzima, hata kama unachohitaji ni sensa peke yake. Sensa imekaa kwenye throtobodi pamoja na mkono wake, springi zake na vizuizi vya mwanzo na mwisho, na mahali ilipofungwa palipangwa kiwandani. Ukilegeza skruu zake dukani umeupoteza mpangilio huo kabla hujaanza kazi.

Jambo la pili ni plagi. Injini nyingi za mtumba kutoka Japani na Dubai hufika na nyaya zilizokatwa karibu kabisa na plagi, na plagi ya kuokoteza haikai imara. Mwambie muuzaji akukatie plagi pamoja na waya usiopungua sentimita 15. Ni afadhali kulipa zaidi kidogo kwa plagi nzima kuliko kuja kuunganisha vipini vilivyolegea kwenye kitu kinachoamrisha mota.

Kisha uvute mkono kwa kidole mara ishirini. Urudi wenyewe kila mara, bila kusita na bila kukwaruza. Angalia kama mhimili umelegea: mhimili unaocheza pembeni hubadilisha volti gari linapotikisika.

4. Throtobodi hiyo ina plagi zaidi ya moja. Ipi ni ya ekseleta?

Throtobodi ya ETCS-i ina sensa mbili zinazofanana sana kwa sura. Moja inasoma mahali kilipo kipepeo, yaani bamba linalofungua na kufunga njia ya hewa, nyingine inasoma mahali kebo ilipo. Unayoitaka ni ile iliyo upande wa mkono unaovutwa na kebo. Vuta kebo: sensa ambayo mhimili wake unazunguka papo hapo, hata bila umeme wowote, ndiyo yenyewe. Kwenye michoro ya Toyota nyaya zake zimeandikwa VC (volti 5), VPA na VPA2 (ishara mbili) na E2 (ethi). Ile ya kipepeo huandikwa VTA na VTA2.

Kipepeo na mota yake havina kazi tena. Unaweza kuviondoa ili kupunguza uzito, mradi usiguse mhimili, springi wala vizuizi vya upande wa kebo.

## Kutambua nyaya

5. Nyaya hazina alama na rangi hazieleweki. Nitazitambuaje?

Usiamini rangi. Rangi hubadilika kutoka modeli moja hadi nyingine, na waya uliokaa miaka ishirini kwenye joto la injini hauonyeshi tena rangi yake halisi.

Kwa sensa yenye nyaya nne, weka multimita kwenye omu na upime kila jozi huku ukivuta mkono polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Jozi ambayo kipimo chake hakibadiliki kabisa ni VC na E2, kwa kuwa unapima mkanda wote kutoka ncha hadi ncha. Kwa kawaida utapata omu elfu moja hadi elfu kadhaa. Nyaya mbili zinazobaki ni za ishara.

Sasa utofautishe VC na E2. Acha mkono kwenye mapumziko, upime kila waya wa ishara dhidi ya nyaya hizo mbili. Mmoja wa ishara utakuwa karibu sana, kwa omu, na ncha moja ya mkanda na mbali na nyingine. Huo ni VPA, na ncha iliyo karibu nao ni E2. Waya wa ishara wa pili, VPA2, hukaa karibu na katikati ukiwa umepumzika, kwa hiyo usiutumie kuamua.

Thibitisha kwa umeme mdogo kabla ya kuunganisha kwenye kidhibiti. Betri tatu ndogo za rimoti zilizopangwa mfululizo hutoa volti 4.5. Zipitishie kwenye rizista ya omu 1,000 ili ukikosea usiunguze mkanda. Upande wa chanya uingie VC, hasi iingie E2, kisha upime VPA na VPA2 dhidi ya E2. Zote mbili zinapaswa kupanda unapovuta.

Sensa yenye nyaya sita ni rahisi zaidi. Ndani yake mna sensa mbili kamili zisizoungana, kila moja na nyaya tatu. Waya wowote utaonyesha omu na wenzake wawili tu. Hivyo ndivyo unavyoyagawa makundi, kisha kila kundi unalipima kama ilivyoelezwa.

6. Nitajuaje kama sensa yangu ni ya mkanda au ya sumaku?

Kwa sensa ya mkanda, omu kati ya ishara na E2 hupanda taratibu unapovuta mkono. Kwa sensa ya sumaku, multimita huonyesha namba zisizobadilika na mwendo wa mkono, na ukigeuza ncha za multimita namba hubadilika. Ukiona hivyo, acha kupima kwa omu. Sensa ya sumaku ina elektroniki ndani, na ukiipa umeme kinyume hata mara moja inaweza kufa. Tafuta mchoro wa gari ilikotoka. Usibahatishe.

7. Kwa nini kuna njia mbili za ishara, na kwa nini volti zake hazilingani?

Hili ndilo jambo la kuelewa kuliko mengine yote. Njia mbili zipo ili kidhibiti kiweze kujua pale moja inapodanganya. Kama njia zote mbili zingetoa volti ile ile, nyaya mbili za ishara zikigusana kidhibiti kisingeona tofauti yoyote. Ndiyo maana watengenezaji huzifanya zitofautiane kwa makusudi. Wengine, kama Volkswagen, huifanya njia ya pili iwe nusu ya ile ya kwanza. Toyota huiinua njia ya pili juu ya ya kwanza. Kwa sensa za mkanda za Toyota za kipindi hicho, VPA hukaa kati ya volti 0.3 na 0.9 pedeli ikiwa imeachiwa, na VPA2 kati ya 1.8 na 2.7. Pedeli ikikanyagwa hadi mwisho, VPA hufika kati ya 3.2 na 4.8, na VPA2 kati ya 4.7 na 5.1.

Tazama pia kwamba VPA haianzii kwenye sifuri wala haiishii kwenye 5. Nafasi hizo mbili za pembeni zimeachwa wazi kwa ajili ya hitilafu. Waya wa VC ukikatika, ishara zote hushuka hadi sifuri, mahali ambapo pedeli isiyo na hitilafu haifiki. Waya wa E2 ukikatika, ishara zote hupanda hadi 5. Soma sentensi hiyo mara ya pili: waya wa ethi ukikatika, sensa inaripoti kwamba umekanyaga hadi mwisho.

Niliijua kanuni hii kwa maneno miaka kadhaa kabla ya kuiona kwa macho. Gari likiwa juu ya stendi, kidhibiti kikiwa kimepangwa kwa njia moja bila mpaka wa juu, nilivuta plagi ili nirekebishe kipini kimoja, na kipini cha E2 kikatoka kabla ya vingine. Magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka kwa nguvu zote wakati hakuna mguu wowote kwenye pedeli. Hakuna aliyeumia kwa sababu tu gari halikuwa chini. Tangu siku hiyo kila sensa ninayoifunga naipima kwa swali moja: kila waya ukikatika, au ukigusana na mwenzake, mota itafanya nini? Jibu linalokubalika ni kuacha kutoa nguvu.

## Kuunganisha kwenye kidhibiti

8. Waya upi unaenda wapi?

VC huenda kwenye toleo la volti 5 la kidhibiti, lile lililoandikwa kwa ajili ya sensa. E2 huenda kwenye ethi ya sensa ya kidhibiti hicho hicho. VPA huingia njia ya kwanza ya ekseleta na VPA2 njia ya pili. Ikiwa sensa ni ya nyaya sita na kidhibiti kina matoleo mawili ya volti 5 na ethi mbili, tumia yote, kila kundi na lake. Waya mmoja ukikatika, kundi la pili linabaki kuwa shahidi.

Weka rizista ya omu 100,000 kati ya kila waya wa ishara na ethi, upande wa kidhibiti, kama kidhibiti hakina yake ndani. Kazi yake ni kuivuta ishara hadi sifuri waya wa ishara ukikatika. Bila rizista hiyo mlango wa kidhibiti unabaki unaelea na unaweza kusoma chochote. Rizista ya ukubwa huo haibadilishi kipimo kwa kiasi cha kukusumbua: kwa mkanda wa omu 2,000 kosa halizidi nusu ya asilimia moja. Ukiweka ya omu 10,000 kosa linafika asilimia 5 katikati ya mwendo, na njia mbili zitaanza kutofautiana bila sababu ya kweli.

9. Je, naweza kuipa volti 12 za gari?

Hapana. Ishara itapanda kupita volti 5 na kuharibu mlango wa kidhibiti. Tena volti 12 za gari si thabiti, hupanda na kushuka taa na pampu zinapowashwa, na kila mabadiliko hayo yangesomwa kama mguu wa dereva. Volti 5 zitoke kwenye kidhibiti chenyewe, ambacho hulinganisha ishara na volti hizo hizo kilizozitoa.

10. Bodi ya gari yote ni ethi. Kwa nini E2 isifungwe kwenye bodi iliyo karibu?

Kwa sababu bodi hubeba pia mkondo wa vitu vingine. Feni ya kupoza inayovuta ampea 30 kupitia kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu huinua sehemu hiyo ya bodi kwa volti 0.3. Kwa sensa ya volti 5 hiyo ni asilimia 6 ya mwendo wote, na itatokea kila feni inapowaka. Gari litasogea au litapunguza nguvu bila dereva kufanya lolote. Rudisha E2 hadi kwenye kidhibiti kwa waya wake mwenyewe, hata kama ni mita tatu, na waya huo usiguse bodi mahali popote njiani.

11. Nitumie waya gani, na nipitishe wapi?

Tumia waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, wa milimita za mraba 0.5 au karibu na hapo. Mkondo ni mdogo sana, miliampea chache, kwa hiyo unene ni kwa ajili ya uimara tu. Waya wenye ngao ya nje ni bora, na ngao ifungwe ethi upande wa kidhibiti peke yake. Ukifunga ncha zote mbili, ngao inakuwa njia ya mkondo na unairudisha shida ya swali la 10 kwa mlango wa nyuma. Ukikosa waya wa ngao, zisokote nyaya zote nne pamoja.

Kaa mbali na nyaya za rangi ya chungwa za volti kubwa, hasa zile za awamu tatu kati ya inveta (kidhibiti cha mota ya awamu tatu) na mota, kwa angalau sentimita 15 hadi 20. Pale ambapo lazima zikutane, zivuke kama msalaba, zisilale sambamba. Kwenye maungio, bana kwa kipini cha saizi sahihi au lehemu kwa risasi, kisha funika kwa neli inayosinyaa kwa joto. Mkanda wa nailoni peke yake huachia gundi ukipata joto, na vumbi la barabara zetu huingia kwenye kila uwazi. Kabla waya haujaingia kwenye plagi, uache uning'inie kidogo chini ya kiwango cha plagi ili maji ya mvua yadondoke hapo, yasifuate waya hadi kwenye vipini.

12. Kidhibiti changu kina njia moja tu ya ekseleta. Njia ya pili niifanyeje?

Unaweza kutumia VPA peke yake, lakini ujue unachopoteza: kidhibiti hakitakuwa na shahidi. Kwa hiyo mipaka ya chini na ya juu inakuwa ya lazima. Ikiwa kidhibiti hakikuruhusu kuweka kosa la volti kuzidi kiwango, sikushauri ukifunge kwenye gari la barabarani. Ongeza pia swichi ndogo inayoguswa na mkono pedeli inapoachiwa, na iunganishe ili ikate ruhusa ya kuendesha mota kila mkono unaporudi kwenye mapumziko. Kisanduku cha Curtis PB-6, ambacho wengi walikitumia na vidhibiti vya mota za DC, kina swichi kama hiyo kwa sababu hiyo hiyo.

VPA2 ifunike vizuri na uiache. Usiiunganishe na VPA.

13. Kidhibiti changu kinapokea volti 3.3 tu.

Gawa ishara kwa rizista mbili: omu 10,000 kutoka kwenye sensa hadi mlangoni, na omu 18,000 kutoka mlangoni hadi ethi. Volti 5 zitafika zikiwa takribani 3.2. Fanya hivyo kwa njia zote mbili kwa rizista zinazolingana. Rizista ya swali la 8 haihitajiki tena, kwa sababu hiyo ya omu 18,000 inafanya kazi hiyo.

## Kebo na springi

14. Kebo ya gari langu inavuta zaidi au pungufu ya mwendo wa sensa. Nifanyeje?

Pima kwanza. Funga alama kwenye kebo na ukanyage pedeli hadi mwisho, upate milimita za mwendo. Kisha pima nusu kipenyo cha gurudumu la sensa linalozungushiwa kebo. Kwa mfano, gurudumu la nusu kipenyo cha milimita 25 likizunguka nyuzi 80 linameza kebo ya milimita 35. Kebo ikivuta 45, sensa itafika mwisho kabla ya pedeli, na mguu wa dereva utakuwa unavuta kizuizi cha sensa kila anapotaka kasi. Kebo itakatika au mkono utapinda.

Suluhisho ni kuweka boliti ya kizuizi chini ya pedeli, ili pedeli igonge boliti hiyo kabla sensa haijafika mwisho wake. Kama kwa kufanya hivyo mwendo wa pedeli unakuwa mfupi mno, badilisha tundu la kebo kwenye mkono wa pedeli. Ukilisogeza karibu na mhimili wa pedeli, kebo huvuta kidogo kwa mwendo ule ule wa mguu.

Upande wa pili, acha ulegevu wa milimita 1 hadi 3 pedeli ikiwa imeachiwa. Kebo iliyokazwa huiinua sensa kidogo kutoka kwenye mapumziko, na ganda la kebo likipanuka au mota ikicheza kwenye mikono yake, gari litapata amri ambayo hakuna aliyeitoa.

15. Je, springi iliyo kwenye sensa inatosha?

Throtobodi nzima kwa kawaida ina springi za kutosha kurudisha mkono wake, lakini hazikuundwa kurudisha pedeli nzito ya gari lingine pamoja na kebo ndefu iliyopinda mara tatu. Weka springi ya pili kwenye pedeli yenyewe. Kila moja iweze kurudisha mfumo wote peke yake. Lijaribu hilo kwa kuondoa moja, kisha nyingine. Ganda la kebo lisipite karibu na kitu cha moto, na kebo iliyochakaa nyuzi usiirudishe kabisa kwenye gari.

## Kupanga viwango na kujaribu

16. Nipangeje viwango vya chini na vya juu?

Andika kwenye karatasi. Gari likiwa juu ya stendi, volti kubwa ikiwa imekatwa na kidhibiti kimewashwa kwa volti 12 tu, vuta pedeli hatua kumi kutoka mwanzo hadi mwisho na uandike VPA na VPA2 kwa kila hatua. Kisha rudi kwa hatua hizo hizo. Namba za kwenda na za kurudi zikitofautiana sana, kebo inakwama au mhimili umelegea.

Weka kiwango cha chini volti 0.1 hadi 0.2 juu ya mapumziko, ili mtikisiko usiamrishe mota, na kiwango cha juu kiasi hicho hicho chini ya mwisho. Weka mpaka wa kosa la chini, ambao volti ikishuka chini yake kidhibiti hukata nguvu, katikati ya sifuri na mapumziko, na mpaka wa kosa la juu kati ya mwisho wa pedeli na 5. Kwenye openinverter, programu huria ya kuendesha inveta, viwango hivyo vya pedeli huitwa potmin na potmax kwa njia ya kwanza, pot2min na pot2max kwa ya pili, na potmode ndiyo inayochagua kama njia mbili zitatumika. Namba zake si volti: ni hesabu kutoka 0 hadi 4095, kwa hiyo soma zile zinazoonyeshwa na programu, usizikokotoe kichwani.

Angalia kwa makini safu ya VPA2 kwenye karatasi yako. Kwa sensa za Toyota njia hii hufika karibu na volti 5 kabla ya mkono kufika mwisho, kisha inabaki hapo huku VPA ikiendelea kupanda. Kidhibiti kinacholinganisha njia mbili kitaona zinaachana na kitakata nguvu pale hasa dereva anapokanyaga sana, kwa mfano akipita lori mlimani. Dawa ni kurudi kwenye boliti ya kizuizi ya swali la 14 na kuipandisha hadi pedeli iishie kidogo kabla VPA2 haijaacha kupanda. Ukifanya hivyo mwendo wote unaotumika ni ule ambao njia zote mbili zinasema kweli.

17. Nifanye majaribio gani kabla ya kushusha gari?

Magurudumu yawe hewani na mtu mmoja awe tayari kwenye swichi ya dharura. Mota ikizunguka polepole, katisha nyaya moja moja: VC, kisha E2, kisha VPA, kisha VPA2. Baadaye gusanisha VPA na VPA2, halafu VPA na VC. Kila mara nguvu inapaswa kukatika mara moja na isirudi yenyewe mpaka pedeli iachiwe.

Jaribu pia kuwasha gari huku pedeli imekanyagwa: kidhibiti kinapaswa kukataa. Jaribu kukanyaga breki pamoja na ekseleta: nguvu inapaswa kushuka hadi sifuri. Jaribio lolote likishindwa, gari lisishuke.

## Matatizo na hali zisizo za kawaida

18. Gari linashtukashtuka ninapoenda polepole, lakini kwa kasi liko sawa.

Mkanda umelika mahali ambapo dereva wa kwanza alikaa zaidi, kwenye robo ya kwanza ya mwendo. Multimita ya namba husoma polepole mno kuonyesha jambo hili. Tumia mita ya mshale. Vuta mkono taratibu sana: mshale unapaswa kupanda kama kivuli kinavyosogea ukutani. Kwenye sehemu iliyolika utauona unatetemeka au unadondoka ghafla na kurudi. Dawa ya kusafishia vipini vya umeme inaweza kusaidia kama tatizo ni uchafu. Kama kaboni yenyewe imekwisha, badilisha sensa. Kuongeza uchujaji kwenye programu ili kuficha mshtuko ni kuchelewesha mguu wa dereva huku hitilafu ikiendelea kukua.

19. Volti inashuka ninapokanyaga badala ya kupanda.

VC na E2 zimebadilishana. Kwa sensa ya mkanda zigeuze tu, kisha upange viwango upya. Kwa sensa ya sumaku soma kwanza swali la 6.

20. Asubuhi gari ni zuri, lakini mchana hitilafu ya ekseleta inajitokeza.

Anza na kebo na ulegevu wake (swali la 14), kisha plagi. Vipini vilivyolegea huachana kidogo plagi inapopata joto. Kaza vipini vya kike kwa sindano, na mwisho kabisa ulinganishe volti za mapumziko za asubuhi na za mchana na zile ulizoziandika kwenye karatasi ya swali la 16.

21. Ninatumia kidhibiti cha zamani cha mota ya DC. Kuna la kuangalia zaidi?

Ndiyo, na ni la hatari. Katika baadhi ya vidhibiti hivyo nyaya za ekseleta hazijatengwa na betri kubwa: ethi ya sensa ni hasi ya betri ya kuendeshea gari. Kabla ya kushika chochote, pima kwa multimita yenye uwezo wa volti hizo kati ya kila waya wa ekseleta na bodi ya gari, na pia kati ya kila waya na ncha zote mbili za betri kubwa. Ukikuta uhusiano wowote na betri kubwa, nyaya za sensa ni nyaya za volti kubwa. Zinahitaji ganda, njia na alama za volti kubwa, na sensa yenyewe isifungwe kwa namna ambayo chuma chake kinaweza kugusa vipini vyake. Vingi vya vidhibiti hivyo pia havisomi volti bali omu, kutoka 0 hadi 5,000 kwa nyaya mbili, kwa hiyo sensa ya Toyota yenye mkanda wa omu elfu moja au mbili haitafikisha nguvu kamili. Hapo tumia kisanduku kilichoundwa kwa kidhibiti hicho, na sensa ya throtobodi uitunze kwa gari lenye inveta.